Koplo Santa Hali Askari wa Bure

Ukimletea Koplo Santa zawadi, hasemi asante. Anasema, "Ya nini?"

Ukimpa sukari, anataka kujua imetoka duka gani. Ukimsifia nywele, anapapasa kichwa kuona umeweka nini. Proscovia, askari mwenzake, aliwahi kumletea kipande cha keki ya harusi ya mdogo wake. Santa akachukua kisu, akakikata vipande vidogo vidogo, akachungulia katikati ya kila kimoja, ndo akala. Keki, jamani. Ya harusi.

"Wewe siku ukifa," Proscovia akamwambia, "utampekua malaika kabla hujaingia."

Lakini usimcheke haraka. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Santa alikuwa askari jela wa kike mjini Jinja, Uganda, na kwa miaka zamu yake ilikuwa getini, pale ndugu za wafungwa wanapoleta chakula. Sheria ya geti iko hivi: mkate unakatwa, yai linapasuliwa, mchuzi unakorogwa kwa kijiti, na aliyeleta anaonja kwanza mbele ya askari. Kwa askari wengine kuonja ni kijiko kimoja, basi, pita. Kwa Santa, mama wa watu alifika na sufuria imejaa, na mpaka afande aridhike, sufuria iko nusu na mama ameshiba. Wengine walianza kuja bila kunywa chai ya asubuhi, maana walijua watakula getini.

Na vitu alivikuta. Wembe ndani ya sabuni. Bangi ndani ya chapati. Siku moja alikuta barua ndani ya kuku wa kuchemsha, imekunjwa vizuri kwenye karatasi ya nailoni. Ukishaona kuku aliyemeza barua, huwezi tena kurudi kuwa mtu wa kawaida.

Hata kwenye chesi aliingia kwa mlango huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliwanyang'anya mahabusu wawili vidude walivyofinyanga kwa sabuni na posho, ule ugali wa jela, iliyokauka: vichwa vya farasi, minara, vijitu vya duara. Santa akaapa kwamba ni mpango wa kutoroka. Akawaita mmojammoja, kila mtu chumba chake, akawaambia waeleze kila kidude kinatembeaje, huku yeye anatafuta pale ambapo maneno yao yatapishana. Hayakupishana hata kidogo. Upelelezi ukaisha bila kesi, ila mpelelezi mwenyewe alikuwa ameshapagawa. Akawarudishia vidude vyao, akavuta benchi.

"Haya. Yule farasi, nionyesheni tena."

Mwalimu wa kweli alimpata baadaye: Mukesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Main Street. Makufuli, misumari, bawaba, mabati. Mukesh alikuwa kijana mdogo familia yake ilipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wengine. Wakakaa Kisumu, na serikali ilipoanza kurudisha mali za watu, akarudi kuufungua mlango wa duka la baba yake. Kisumu ilimpa vitu viwili: chesi, na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtu yeyote pale barabarani. Santa yeye ni mtu wa kabila la Lango, kutoka Lira, Kiswahili alikiokota kwenye mafunzo ya kikosi. Wakikaa wawili hao kubishana, wapita njia walikuwa wanageuka kuangalia kama jeshi limerudi mjini, maana Kiswahili pale kilikuwa lugha ya askari.

Kila Jumamosi, duka likishafungwa, walicheza kwenye meza ya nyuma, katikati ya makatoni ya misumari. Kanta, mke wa Mukesh, alileta chai vikombe viwili. Santa alisubiri Mukesh anywe kwanza. Kanta aliliona hilo siku ya kwanza kabisa, akatabasamu, akaondoka zake.

Mukesh ndiye aliyemfunza ulinzi unaoitwa Mfaransa. Ni hivi: mweupe anaanza kwa kusukuma askari wake wa katikati, mmoja wa wale wadogo wa mstari wa mbele, hatua mbili. Wewe mweusi hupigi kelele. Unasukuma wa kwako hatua moja tu, kwa adabu. Halafu wa pili anakuja kusimama kando yake. Mweupe akisogea tena, askari wa pande zote wanakwama uso kwa uso, na katikati panajifunga. Hapiti mtu.

"Hii ni geti," Santa alisema, macho yanang'aa.

"Ni geti," Mukesh akakubali. "Lakini hata geti lazima lifunguliwe mara mojamoja, Santa."

Hilo la mwisho Santa hakulisikia. Kwa Mfaransa wake alipanda kwenye timu ya Jinja mpaka meza ya kwanza. Walimu, polisi na wanajeshi wote wakakaa nyuma yake. Watu walijitupa kwenye geti lile mpaka wakachoka, yeye anawasubiri kimya, halafu mwishoni anawanyonga polepole. Kumchosha mtu ndiyo ilikuwa raha yake kuu.

Mpaka Aprili ya mwaka tisini na saba, timu ya Mbale ilipokuja Jinja.

Meza yao ya kwanza alikaa Wanyama, kijana mrefu wa Nakaloke anayefanya kazi kwenye ghala la jumla Mbale mjini. Mcheshi, vifungo viwili vya shati viko wazi, anasalimia ukumbi mzima utafikiri anagombea udiwani. Alipomwona Santa alitabasamu kama anayemjua. Santa akaandika hilo kichwani: huyu anacheka nini?

Wakaanza. Mfaransa wa kawaida, geti linajifunga vizuri. Hatua ya nne, Wanyama akanyoosha mkono mpaka karibu na pembeni, akamshika askari ambaye hana habari na mtu, akamrusha hatua mbili mbele. Akatua mdomoni kabisa mwa askari wa Santa. Hana mlinzi. Hana sababu. Yuko pale tu, bure, kama sambusa iliyosahauliwa kwenye sahani.

Santa akamtazama yule askari. Akamtazama Wanyama. Wanyama akamtazama feni ya dari.

Nani anatoa askari bure hatua ya nne? Mtu mwenye kitu tumboni mwa kuku, huyo ndiye anayetoa. Santa hakula. Akampita kando, akamsukuma wa kwake mbele, mbali na ule mtego. Akajipongeza.

Sasa shida ilianzia hapohapo. Yule askari wake aliyepita ndiye aliyekuwa anaibana katikati ya Wanyama. Akishapita, katikati ikapumua. Wanyama akapata nafasi ya kuzungusha farasi, akaleta malkia, akamsukuma askari wa pembeni upande wa mfalme kama mtu anayesukuma toroli sokoni. Santa alikufa akiwa amevaa viatu. Geti zima bado limefungwa, na mwizi yuko ndani anakunywa chai.

"Huyu mtu alijua," Proscovia alimwambia jioni wakianua yunifomu pale Mafubira, walikokuwa wamepanga vyumba jirani. "Ile siyo hatua ya kubahatisha. Amekuja nayo kutoka kwao."

"Nilifikiri hivyo."

"Sasa nani alimwambia unacheza nini?"

Jibu lilikuwa moja. Ulinzi wake wote, ndani na nje, aliujua mtu mmoja tu duniani. Na mtu huyo ndiye rafiki pekee aliyekuwa naye Jinja asiyevaa yunifomu. Ukimtoa Mukesh, Santa alibaki na geti, na Proscovia, na Jumapili kanisani. Kwa hiyo hakutaka iwe Mukesh. Lakini kutotaka siyo ushahidi.

Akaanza kupeleleza. Na ukianza kupeleleza unapata, hiyo ndiyo tabia ya upelelezi.

Moja: Mukesh alienda Mbale kila wiki kuchukua mzigo. Kwenye ghala gani? Lilelile la Wanyama. Santa aliuliza kijuujuu, Mukesh akajibu kijuujuu.

Mbili: Proscovia alienda Mbale kumwona shangazi, akarudi amebeba habari kuliko ndizi. "Nimewaona. Mhindi wako na yule mrefu. Wanakunywa chai. Na wanacheka."

"Wanacheka nini?"

"Ningejuaje? Nilikuwa ng'ambo ya barabara. Lakini ni ile cheko ya watu wanaomjua mtu."

Tatu, na hii ndiyo ilimnyima usingizi: Jumamosi moja alifika mapema, akakuta ubao umeshapangwa kwenye meza ya nyuma. Mukesh ameuinamia peke yake. Na juu ya ubao ni Mfaransa, na askari wa pembeni amerushwa hatua mbili. Hatua ya Wanyama yenyewe.

"Unafanya nini?" Santa akauliza.

"Natafuta dawa yake." Mukesh wala hakushtuka, na hilo nalo likawa la kushuku: asiyeshtuka amejiandaa. "Na nimeipata. Akikupa huyu askari, kula."

"Nile?"

"Kula tu. Halafu tulia. Hana kitu, Santa. Nimeangalia kila upande. Ni makelele matupu."

Sasa hebu jiweke kwenye viatu vya Santa, vile vyeusi vya kikosi. Adui anakutegea chambo, na rafiki yako anayekunywa chai na adui anakwambia kula. Anarudia. Wiki inayofuata anarudia tena. "Kula, Santa! Mbona mgumu hivi?" Kila akisema kula, Santa aliona mkono wa mgeni unasukuma sufuria chini ya dirisha la geti: haraka haraka, afande, chakula kinapoa.

Siku hizo hakukuwa na kumblock mtu kwenye simu. Kumblock mtu ilikuwa uhame upande wa barabara. Santa hakuhama. Alifanya kitu kibaya zaidi: aliendelea kuja kila Jumamosi, akanywa chai, akacheka pale panapochekesha, huku anamtegea mtu mtego.

Mtego wenyewe ulikuwa huu. Mechi ya marudiano ilikuwa Mbale, mwezi wa Agosti. Santa akatunga jibu jipya: yule askari wa bure akija, hatampita tena. Atamwekea askari wake mlinzi nyuma, na kukaa palepale. Jibu hilo hakumwonyesha Proscovia wala Odongo, sajenti wa polisi aliyekuwa kapteni wa timu. Alimwonyesha Mukesh tu. Wanyama akilishangaa, Mukesh ni mtu safi. Akiwa na majibu tayari, basi mambo yameisha, na Jumamosi zimeisha.

Mukesh alilitazama lile jibu, akakuna shingo. "Siyo baya. Lakini kwa nini usile tu?"

Ee bwana.

Agosti ikafika. Mukesh, aliyecheza meza ya tatu, ndiye aliyebeba timu kwenye pikapu yake. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu, na ukumbi wa shule waliyopewa ulinuka chaki na matunda ya soko la jirani. Rangi zilipigiwa sarafu kila raundi, na siku hiyo sarafu ilimpa Santa nyeusi asubuhi na mchana. Hata sarafu yenyewe aliitazama vibaya.

"Afande!" Wanyama akampokea mikono miwili. "Karibu kwetu. Umelala vizuri?"

"Kwa nini nisilale vizuri?"

"Basi, afande. Ni salamu."

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, yule askari wa pembeni huyo, mdomoni. Santa akavuta pumzi, akaweka mlinzi nyuma. Jibu jipya. Akainua macho kuangalia uso wa Wanyama, maana mchezo wenyewe ulikuwa huo usoni.

Wanyama hakufikiri hata kidogo. Alikuwa anaongea na mtu wa meza ya pili kuhusu bei ya kahawa, na mkono ukaenda wenyewe: akasukuma askari mwingine, upande wa pili wa yule wa kwanza. Sasa askari mmoja mweusi wa Santa alikuwa na weupe wawili mbele ya meno, mmoja kushoto, mmoja kulia. Chagua, mama.

Masikio ya Santa yakapata moto. Anayejibu haraka hivyo alishajibu nyumbani. Hakumla wa kushoto, hakumla wa kulia, akapita katikati yao kama mtu anayevuka kundi la walevi. Yaliyofuata ni yaleyale ya Aprili, ila safari hii Wanyama hakuhitaji hata kukunja mikono ya shati.

Mapumziko ya mchana, Santa alisimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Mukesh akaja, chapati mkono mmoja, soda mkono mwingine.

"Pole, Santa. Kunywa kwanza."

"Imefunguliwa na nani?"

"Nini?"

"Soda. Nani ameifungua?"

Mukesh akacheka kidogo, akidhani ni utani. Halafu akaona siyo utani. "Mimi. Santa, kuna nini?"

"Amekupa nini yule?" Sauti ilitoka ya getini, ile ya kufikia foleni ya nyuma. Hata waliokuwa ukumbini wakageuka. Odongo akaacha kutafuna. "Lile jibu nilikuonyesha wewe tu! Wewe tu, Mukesh. Na amelijibu hata hajafikiri. Mnakunywa chai pamoja, mnanicheka pamoja. Halafu kula, Santa, kula, Santa. Umeniuza kwa nini? Kwa misumari?"

Mukesh aliiweka soda juu ya ukingo wa ukuta, taratibu, asiimwage.

"Tulipofukuzwa," alisema, chini kabisa, "njia ya kwenda mpakani ilikuwa na vizuizi vya askari. Mmoja alimvua mama yangu viatu, akaangalia ndani, akaangalia tena. Mama akamwambia hamna kitu, mwanangu. Yule askari alimtazama mama kwa macho hayo." Akamwonyesha Santa kwa kidevu. "Hayohayo unayonitazama nayo."

Akaondoka kuelekea ilikoegeshwa pikapu.

Santa alibaki na chapati. Hakukumbuka ameipokea saa ngapi.

"Afande, samahani." Alikuwa Wanyama, kwa mara ya kwanza hachekicheki. "Nimesikia natajwa kwenye kesi."

"Wewe nenda."

"Naenda. Lakini yule mzee humtendei haki. Hajaniambia kitu. Mimi hiyo Mfaransa yako siijui hata inaishia wapi."

"Usinidanganye. Hatua ya tano hukufikiri."

"Nifikiri nini? Nilijua hutakula!" Akajipiga paja. "Afande, kweli hunikumbuki?"

Santa akamkagua juu mpaka chini. Hapana.

"Getini kwako. Mwaka juzi. Kaka yangu alikaa mahabusu kwa kesi ya mpaka wa shamba, ndo baadaye wakamwachia. Mama alinituma na malewa kutoka Nakaloke, yale machipukizi ya mianzi, kayapika na karanga, na kuku. Ukanilisha yote mimi! Ukasema onja hapa, onja na hapa, geuza, onja chini. Kaka yangu alipata mifupa. Halafu nikakuletea soda ya asante, maana nilikuwa nimeshiba kwa ajili yako. Ukasema 'ya nini?' Ukanifukuza na soda yangu."

Odongo alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

"Basi Aprili nimekuja Jinja," Wanyama akaendelea, "naona nimepangiwa nani? Yule afande! Nikajiuliza, mtu ambaye hakukubali soda, askari wa bure atamkubali? Nikakuwekea mmoja nijaribu. Hukula. Leo nimekuwekea wawili. Hukula. Afande, mtu asiyekula huwa hasumbui kumpangia. Ningekuwekea malkia pale ungemzunguka."

"Na chai? Na Mukesh?"

"Pale ghalani hata mbuzi akiingia kununua anapewa chai. Tulicheka kwa sababu nilimpa hadithi ya kuku. Alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu akaniambia, 'Usimwambie mtu mwingine hiyo. Yule ni rafiki yangu.'"

Wanyama akarudi ndani.

Santa alikaa kwenye ukingo wa ukuta kando ya soda. Akazipitia zile pointi zake moja baada ya nyingine, kama afisa anayekagua ghala la ushahidi, na kila alipofungua sanduku alikuta limejaa yeye mwenyewe. Ubao uliopangwa: mtu alikuwa anamtafutia dawa. Kula, Santa: ndiyo dawa yenyewe. Hakuna aliyetoboa siri. Siri aliibeba usoni na kuionyesha kila mtu aliyewahi kupita na sufuria pale getini, hata wale ambao kuku wao alikuwa kuku tu. Bado sehemu fulani ya kichwa chake ilikuwa inauliza: na kama Wanyama naye ametumwa kusema haya? Aliisikia ile sauti, akaijua, akachoka nayo.

Kengele ya raundi ya mchana ikapigwa.

Wanyama akacheza bila haraka. Hatua ya nne mkono wake ulisita juu ya yule askari wa pembeni. Akamwangalia Santa, akatabasamu nusu, akamrusha. Nadhani alitaka kuona. Kila mtu mle ndani alitaka kuona.

Mkono wa Santa ulikwenda, ukarudi. Ukakaa magotini. Jasho likamtoka shingoni, kwa askari mmoja wa mbao. Meza ya tatu, Mukesh alikuwa amempa mgongo na hakugeuka.

Akala.

Tena alikula kwa kelele, mbao juu ya mbao, taa! Meza ya pili wakaruka.

Wanyama akautazama ubao. Akakuna kidevu. Akafunga kifungo kimoja cha shati.

"Sasa hapa…" alisema.

"Hapa nini?"

"Hapa sijawahi kufika, afande."

Hakuwa na kitu. Vilevile kama Mukesh alivyosema, makelele matupu. Alijaribu kumrushia askari wa pili; Santa akakagua pande zote, maana tabia haifi siku moja, akala na huyo. Alipomaliza kutulia alikuwa na askari wawili wa ziada na geti lake bado liko wima. Mmoja wa wale wawili akatembea pembeni polepole mpaka mwisho wa ubao, akawa malkia. Wanyama akampa mkono.

"Ningenyamaza ningekushinda miaka kumi," akasema.

"Ungenishinda," Santa akakiri.

Aligeuka kumwonyesha Mukesh. Meza ya tatu ilikuwa tupu. Mukesh alishamaliza kwa sare, akaenda kupakia katoni zake za makufuli.

Jinja walipoteza mechi kwa jumla, na hakuna aliyejali sana. Njiani Odongo alikaa mbele na Mukesh, na Santa nyuma na wenzake juu ya makatoni. Kupitia kioo kidogo cha nyuma aliona shingo ya Mukesh muda wote. Shingo haikugeuka. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika Mafubira, pikapu ikasimama kumshusha.

Santa akazunguka mpaka dirisha la dereva.

"Odongo, shuka usikie. Na nyinyi huko nyuma, sikilizeni."

"Nasikia nikiwa nimekaa," Odongo akasema.

"Nilimwita mtu huyu msaliti mbele yenu. Si kweli. Mwenye makosa ni mimi." Akamgeukia Mukesh, na sauti ya getini haikuwepo tena. "Bwana Mukesh. Yale ya viatu vya mama. Nisamehe."

Mukesh aliacha mikono kwenye usukani. Injini inanguruma.

"Mchana ulishinda?"

"Nilishinda. Nilikula."

"Wa kwanza?"

"Na wa pili."

Kitu kikapita mdomoni mwa Mukesh, lakini hakikukaa. "Vizuri," akasema.

"Jumamosi nije?"

"Jumamosi sipo. Tuna shughuli ya Alpa, mpwa wangu, huko Tororo. Duka litafungwa siku nzima."

"Na ile inayofuata?"

"Ile inayofuata, tutaona, Santa." Akaingiza gia.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Shughuli ya Alpa. Alpa gani? Miaka yote hiyo hajawahi kumsikia Alpa. Na Tororo, kwa nani? Santa alifua yunifomu mbili safi, akazifua tena.

Jumamosi hakuwa zamu. Yeye na Proscovia walishuka mjini kununua nyanya na dagaa, na njia fupi ya kwenda sokoni inapita Main Street, mbele ya mlango ule. Kwenye kona, Proscovia akamvuta mkono.

"Twende tupite hapa, tuone."

"Tuone nini?"

"Kama lipo wazi! Likiwa wazi, amekudanganya. Ni hapo tu, jamani banange, unageuza shingo."

Santa alisimama na kikapu chake. Kweli ilikuwa hapo tu. Kutoka pale aliweza kusikia milango ya chuma ya maduka na redio za watu, na kama angeinama kidogo angeona ubao wa jina la duka. Miguu ilikuwa imeshaanza kugeuka yenyewe, ile miguu ya miaka ya geti.

"Amesema hayupo," Santa akasema.

"Amesema! Watu wanasema!"

"Basi hayupo. Twende huku."

Wakazunguka kwa njia ndefu, ya chini, yenye jua kali na isiyo na duka hata la maji. Proscovia alilalamika njia nzima, kuhusu viatu vyake, kuhusu nyanya zitakazokuwa zimechaguliwa na wengine, kuhusu watu wanaobadilika ghafla bila kuwaambia wenzao. Mara mbili Santa alisikia shingo yake inataka kugeuka nyuma. Akahamisha kikapu bega la upande ule, kikamziba.